Dawa ya Siku Saba

Na Mwinyi Kalamu

Juma hili, kwenye pantoni ya Kigamboni, bwana mmoja aliyevaa koti la suti juani aliwanadia abiria chupa za maji ya kahawia ambayo, kwa kauli yake, huiondoa saratani ya kila namna kwa siku saba. Wasomaji wangu wa siku nyingi mwajua kuwa sipitwi na kinachonadiwa, na mwavuli usiofunguka niliouziwa hivyo hivyo ungalipo nyumbani. Kwa hiyo mchuuzi sikumchukia. Aliyenighadhibisha ni mzee mwenzangu, mtu wa kanzu safi na elimu yake, aliyetoa noti huku akitangaza, "Maprofesa wanakula mishahara miaka thelathini, dawa hawaioni!"

Miaka kama thelathini, sheikh wangu, ni hesabu sahihi. James Allison wa Texas, aliyefiwa na mama kwa saratani ya limfu angali mtoto, aliitambua mwaka 1982 protini ambayo kwayo chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T huyajua maradhi. Baadaye, ilhali wenziwe waliikodolea macho protini nyingine, CTLA-4, kwa shabaha ya kutibu maradhi mengine, yeye akiwa Berkeley alidhihirisha kuwa hiyo ni breki ya seli hizo, akaizuia kwa kingamwili, na uvimbe wa panya wake ukayeyuka. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1996. Kisha akabisha milango ya makampuni ya dawa, ambayo aghalabu yalikuwa yamekwisha kata tamaa na tiba ya kinga. Bwana huyu, fauka ya hayo, hupiga kinanda cha mdomo katika bendi ya wanasayansi, jambo ambalo naomba mke wangu asilisome, maana changu alikificha.

Dawa, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi iliyokwisha enea. Nobel ikaja mwaka 2018, Allison akaigawana na Tasuku Honjo wa Japani. Na baada ya taadhima yote hiyo, madaktari hukwambia waziwazi kwamba wagonjwa wengi haiwafai, na kwamba kinga iliyofunguliwa breki yaweza kuyashambulia matumbo ya mwenyewe.

Mchuuzi hana mgonjwa asiyepona, kwa kuwa harudi kuwaangalia. Nawe msomaji mwenye uvimbe usiotoka, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ipo papo hapo jijini. Nenda kesho asubuhi.