VIJANA WAONYESHWE KAZI

Mwezi Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, nyingi katika hizo zikiwa mpya kabisa. Ni neema. Lakini twauliza: kijana wa Tandahimba, ambaye hajapata kumwona mjiolojia wala mpima ardhi maishani mwake, atachagua kwa kufuata nini? Wengi humfuata rafiki, au hutaja udaktari kwa kuwa ndiyo kazi waliyoisikia. Naye aliyekwisha kuchukua historia, jiografia na lugha hawi tena mhandisi kwa kutamani tu.

Wataalamu tunao, na simu wanazo mikononi. Kila jioni wamo katika WhatsApp na Instagram wakibishana habari za Simba na Yanga (nasi tumo). Hatuoni kwa nini mhandisi wa mgodini Geita asitenge nusu saa kwa mwezi awaeleze wanafunzi kazi yake ya kila siku, alikwama wapi, na hesabu zipi anazitumia hata leo. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, wala hatutaki amri hiyo ilegezwe. Simu moja ya mwalimu na kipaza sauti vyatosha darasa zima. Tena mwalimu akiwapo, mabinti zetu hawatafuatwa faraghani na watu wasiowajua.

Twawataka viongozi wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi na wa Chama cha Madaktari Tanzania watoe majina ya watakaojitolea, yakiwamo ya wanawake, kabla wanafunzi wa kidato cha nne hawajajaza fomu zao.