Mshipa wa moyo ukiziba kabisa, usiuze shamba kwa hofu

Wiki jana mzee mmoja aliingia katika kliniki yangu akiwa na wanawe watatu. Picha ya moyo wake ilionyesha kuwa mshipa mmoja umeziba kwa asilimia 100. Familia ilikuwa imekwisha kupanga harambee, na kipande cha shamba kimepata mnunuzi, ili baba apelekwe India akazibuliwe. Nilimwuliza mzee kama kifua kinamwuma. Akasema kilimwuma sana kabla ya kuanza dawa, lakini siku hizi hupanda ngazi hadi orofa ya tatu bila taabu.

Msomaji, "kuziba kabisa" ni maneno ya kutisha, lakini tutenganishe mambo mawili. Mshipa unaoziba ghafla huleta mshtuko wa moyo, na hapo hakuna mjadala: mgonjwa akimbizwe hospitalini mara moja. Mshipa ulioziba polepole na kukaa hivyo kwa miezi mitatu au zaidi ni jambo jingine. Mwili huwa umejitafutia njia za panya. Vijishipa vya pembeni hupanuka na kuvusha damu hadi ng'ambo ya kizuizi. Mara nyingi damu hiyo hutosha mtu akiwa ametulia, lakini akikaza mwendo haitoshi, ndipo kifua kinapombana.

Tangu Andreas Gruentzig alipopanua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zurich mwaka 1977, ufundi huu umekua mno. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mkono au paja hadi moyoni, hupenyeza waya katika kizuizi, hupanua kwa puto, kisha huacha humo kimrija cha wavu wa chuma kiitwacho stenti. Kizuizi cha zamani huwa kigumu, lakini mabingwa hufaulu kwa wagonjwa 8 au 9 katika kila 10. Hata hivyo, waya unaweza kutoboa mshipa, na dawa ya kupigia picha inaweza kudhuru figo.

Je, baada ya miaka kadhaa hali huwaje? Kwa muda mrefu tumeambiwa kwamba waliozibuliwa huishi zaidi ya wale ambao kazi ilishindikana. Hoja hii siipendi. Ambaye kazi ilishindikana kwake mara nyingi ndiye aliyekuwa na mishipa mibovu zaidi tangu mwanzo. Ni kama kusema matatu mpya hufika mapema kwa sababu ya rangi zake.

Njia ya haki ni kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Utafiti wa DECISION-CTO ulioongozwa kutoka Korea Kusini, uliochapishwa mwaka 2019, uligawa hivyo wagonjwa zaidi ya 800. Baada ya miaka 4, takriban wagonjwa 22 katika kila 100 walikuwa wamekufa, wamepata mshtuko wa moyo au kiharusi, au wamezibuliwa tena. Idadi ilikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Ni kweli kwamba baadhi ya waliopangiwa dawa pekee waliishia kuzibuliwa, na hilo linapunguza uzito wa jibu. Huko Ulaya, utafiti wa EuroCTO wenye wagonjwa 396 ulionyesha mwaka 2018 kwamba waliozibuliwa walipungukiwa na maumivu na kuishi kwa raha zaidi. Kufikia mwaka wa 3, hakukuwa na tofauti ya kuaminika katika vifo na mishtuko ya moyo.

Kwa maoni yangu, haya ni matibabu ya maumivu. Bado hayajathibitika kurefusha maisha. Anayeshindwa kufika kituo cha basi kwa kubanwa na kifua, ingawa anameza dawa zote ipasavyo, anastahili kuzibuliwa, na asikubali kuambiwa avumilie. Amwulize daktari iwapo msuli wa moyo uliopo ng'ambo ya kizuizi ungali hai, na ni vizuizi vingapi vya namna hiyo huvifungua kwa mwaka. Asiye na maumivu hana sababu ya kuuza shamba.

Nilipokagua dawa za yule mzee, aspirini ilikuwepo. Statini, ile ya kupunguza mafuta katika damu, ilikuwa imekwisha miezi minne iliyopita na hakuna aliyenunua nyingine. Tulikuwa bado tunazungumza mwanawe mkubwa alipoteremka kwenda duka la dawa.