Zamu ya mjomba

Najua nimepotea. Kuna walionitumia meseji kuuliza kama nimedisco. Sijadisco bwana, nimepata kazi ya ulezi. Haina mshahara, haina likizo, na bosi wangu ana mwaka mmoja na miezi minane.

Kwa wasiojua stori: mdogo wangu wa kike alipata ujauzito akiwa kidato cha tatu. Akakaa nyumbani, akajifungua salama, na Januari mwaka huu amerudi darasani. Mama yetu ni mama ntilie jirani na Shimoni hapa Kariakoo, anatoka nyumbani saa kumi alfajiri na masufuria yake, na sehemu yenye majiko ya mkaa na mafuta yanayochemka si ya kumpeleka mtoto anayekimbilia kila kinachong'aa. Kwa hiyo tumegawana zamu. Asubuhi Bosi (ndivyo tunavyomwita, kwa jinsi anavyoamrisha nyumba nzima) anakaa na bibi mmoja mpangaji wa chumba cha tatu. Saa saba bibi anataka kuswali na kupumzisha mgongo wake. Hapo naingia mimi mpaka mama yake arudi shule, saa kumi na moja hivi, daladala zikiwa na huruma.

Sasa washkaji zangu wa chuo wananicheka. "Mwanaume mzima unabadilisha pampasi!" Haya, nacheka nao. Lakini leo nataka niseme kitu, na mtanivumilia kwa sababu nimekikalia muda mrefu.

Mnakumbuka tulikotoka? Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu shule kumfukuza mwanafunzi kwa makosa ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017 Rais Magufuli akasema hadharani kule Chalinze kwamba katika utawala wake hakuna aliyepata mimba atakayerudi shuleni. Mimi nilikuwa mdogo bado, ila nakumbuka kwenye kibaraza chetu watu wazima walivyoshangilia, na wengine walivyonyamaza wakiangalia chini. Baadaye nikaelewa kwamba walionyamaza walikuwa na mabinti. Halafu Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba mlango umefunguliwa, na mwaka 2022 ukatoka mwongozo: aliyeacha masomo anaweza kurudi ndani ya miaka miwili. Mdogo wangu ameingia kwa mlango huo. Nashukuru, kweli kabisa.

Ila waraka haupiki uji. Waraka hauwezi kukaa na mtoto mwenye homa ya meno usiku ambao mama yake kesho ana mtihani wa Hisabati. Tukisema "wasichana warudi shule" tunamsema mama peke yake, kana kwamba mtoto amewekwa kabatini mpaka saa kumi na moja jioni. Nawafahamu wasichana wawili wa mtaani kwetu ambao waraka ule ule unawahusu na hawajarudi. Ada si tatizo, elimu mpaka kidato cha nne haina ada tangu mwaka 2016. Tatizo ni kwamba hakuna wa kubaki na mtoto. Mmoja ana kaka watatu, wote wanashinda kijiweni tangu asubuhi. Watatu!! Nikamuuliza mmoja wao kwa nini asimshike mtoto hata siku mbili kwa wiki. Akaniangalia kama nimemwambia avae sketi.

Tuwe wakweli lakini, kazi yenyewe si lelemama. Wiki iliyopita Bosi alijifungia ndani. Niliingia uani kuchota maji, dakika mbili tu, yeye akasukuma komeo la chini, hodari kweli, ila kulirudisha hajui. Mimi nje, yeye ndani, pamoja na ndoo iliyojaa maji. Hapo ndipo nikajua moyo unaweza kushuka mpaka kwenye ndala. Nikaanza kupiga kelele "fungua mjomba, fungua!" naye akaona ni mchezo, anacheka. Jirani mmoja akaenda kutafuta fundi, mwingine akaanza kuomba dua. Bibi wa chumba cha tatu akaja polepole, akanisogeza pembeni, akakaa chini mlangoni, akaanza kufungua pakiti ya biskuti. Krach, krach. Hakusema neno. Ndani kimya. Kisha tukasikia komeo linachezewa, linachezewa... likatoka. Mimi mwanafunzi wa ualimu nilikuwa nashindana na mlango. Bibi ambaye hajawahi kukanyaga chuo alijua wa kuzungumza naye ni nani.

Na hapa ndipo chuo kinaponichekesha. Semista hii tunasoma saikolojia ya elimu. Tumefika kwa Jean Piaget, yule Mswisi, na hatua zake: mtoto mpaka miaka miwili anajifunza kwa kushika, kulamba, kutupa, na taratibu anagundua kwamba kitu kikifichwa bado kipo. Wenzangu wanakariri kwa ajili ya test. Mimi natamani kusimama niseme, wadau, mimi huyo mtoto ninaye! Alificha rimoti ndani ya sufuria ya ubwabwa, na siku tatu baadaye akaenda moja kwa moja akaitoa. Desa langu lote la wiki ya nne alilizamisha kwenye ndoo ya nguo, akalitoa, akalizamisha tena, akaangalia wino unavyokimbia. Hasira nilizopata zile... lakini ni utafiti huo! Piaget mwenyewe sehemu kubwa ya mambo yake aliyapata kwa kuwaangalia watoto wake watatu nyumbani. Rousseau naye, aliyeandika kitabu kizima cha malezi mwaka 1762, watoto wake watano aliwapeleka wote nyumba ya watoto waliotelekezwa kule Paris. Huyo tunamsoma kwa heshima zote. Dada wa mwaka wa kwanza anayekuja chuoni na mtoto mgongoni anaambiwa anavuruga darasa.

Ndiyo, nasema hivyo kwa sababu nimeliona. Alhamisi nina kipindi saa nane, na siku moja bibi alikuwa amekwenda msibani. Nikambeba Bosi mpaka ukumbini, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Dakika ishirini alikuwa mpole, anakula karatasi. Halafu mhadhiri wetu, ambaye kichwani hana hata unywele mmoja, akageuka kuandika ubaoni, na Bosi akaita kwa sauti ya muezini: "BABUUU!" Ukumbi ulivunjika mbavu. Tukaombwa kutoka. Sikubishana, kipindi ni cha watu mia mbili na wana haki ya kusikia. Lakini nilipokuwa nimekaa kwenye kimbweta nje nikimpa maji, wakaja wawili mmoja baada ya mwingine, mmoja simfahamu kabisa, wakaniambia kwa sauti ya chini kwamba na wao wana watoto. Mmoja wake yuko Singida kwa bibi yake, hajamwona tangu chuo kifunguliwe. Tunasoma pamoja mwaka wa pili sasa na sikuwahi kujua.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi likizo ya siku 84 na muda wa kunyonyesha mpaka saa mbili kwa siku. Baba anapata siku tatu (tatu! hata kitovu hakijadondoka). Mwanafunzi si mfanyakazi, kwa hiyo yeye hata hizo hana. Anapanga mwenyewe na Mungu wake.

Ngoja niwape na ya Mtaa wa Kongo, maana hii ndiyo iliyonifanya niandike. Jumamosi, watu kibao kama kawaida, sehemu ya kuweka mguu hakuna. Bosi akaona gari la kuchezea linalowaka taa. Nikasema hapana. Akajitupa chini, akagaragara, nikamnyanyua, akaanza "Mama! Mamaaa!" huku ananipiga teke. Kijana anayekimbia na mtoto anayelia kumwita mama yake, Kariakoo, Jumamosi. Mnaelewa kilichofuata. Wauza viatu wakanizunguka.

"We kijana, huyo mtoto wa nani?"

"Mpwa wangu."

"Mama yake yuko wapi?"

"Shule."

"Mama yake yuko SHULE?!"

Hapo kikanuka. Ukweli wangu ulisikika kama uongo mbaya kuliko wote. Mmoja alishanishika mkanda. Bahati mama mmoja wa chapati, rafiki wa mama yangu, akapasua umati na mwiko mkononi: "Mwacheni, huyo mjomba wake, mimi ndiye niliyemkanda mama yake!" Wakaniachia. Aliyenishika mkanda akampa Bosi kipande cha muhogo, naye akatulia, akaniegemea begani, akasema "Anko," kama vile hakuna lililotokea. Dogo mnafiki sana huyu.

Siwalaumu wale jamaa. Mji wenye watu wanaouliza mtoto anayelia ni wa nani ni mji mzuri, naomba waendelee kuuliza. Kinachonikera ni kwamba mdogo wangu amembeba mtoto huyo huyo mitaa hiyo hiyo, analia vile vile, na hajawahi kuulizwa na mtu "baba yake yuko wapi, wajomba zake wako wapi?" Swali hilo ndilo ningependa tulizoee, na lianzie vijiweni.

Kwa upande wa chuo ombi ni dogo. Kuna chumba nyuma ya maktaba kimejaa viti vibovu. Kitolewe viti, kiwekwe mkeka na mlezi mmoja wa kulipwa, wazazi wachangie, na sisi wa saikolojia tupangwe humo saa mbili kwa wiki kama sehemu ya mazoezi. Tutamwona Piaget kwa macho. Tumeandika barua kwenda serikali ya wanafunzi, mpaka jana tulikuwa kumi na wanne, watano kati yetu hatuna watoto wa kuzaa wenyewe. Anayetaka kusaini anikute kimbweta cha chini ya mwembe Jumanne saa nane mchana. Nitakuwa na Bosi, kwa hiyo simu na kalamu zenu muzifiche mapema.