Njooni Barazani, Umeme Huu Ni Wetu

Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira nchini Kenya lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, kaunti ya Lamu. Kilikuwa kiwanda cha takriban megawati elfu moja, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwa imekipa ruhusa tangu mwaka 2016. Wengi wetu tunaikumbuka siku ile kuwa siku makaa ya mawe yaliposhindwa. Lakini kilichoiangusha leseni hasa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliitwa mapema, kabla utafiti wa athari kwa mazingira haujakamilika, na ripoti ilipokuwa tayari wakazi hawakurudiwa kuelezwa yaliyomo. Jopo likaongeza kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa.

Ndugu zangu, nawaandikia kwa sababu ya hukumu hiyo, na kwa sababu mijadala ya namna ile haijaisha. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujengewa kinu cha nyuklia karibu na pwani yao. Kesho utakuwa upepo, keshokutwa jua au gesi, na kila mara tutaulizwa maoni yetu, au tutakuta tumeshasemewa. Ombi langu ni tuingie katika mijadala hii tukiwa tumejiandaa, na tuanze kwa kutenganisha maswali mawili yanayochanganywa kila tunapokutana. La kwanza: nini kinaipasha dunia joto? La pili: sisi tutumie umeme gani, ujengwe kwenye ardhi ya nani, na kwa faida ya nani? La kwanza hujibiwa kwa ushahidi, na kura zetu haziwezi kulibadilisha. La pili halina jibu halali mpaka tuwepo.

Nianze na la kwanza, maana hapo ndipo tunapopoteza muda mwingi. Wako wazee wetu wanaosema mvua zimevurugika kwa mapenzi ya Mungu. Siwabishii imani yao, nami ni yangu pia. Ila tunajua kwamba malaria huletwa na mbu, na kujua hivyo hakujatuzuia kuomba dua huku tukitundika chandarua. Na joto la dunia pia njia yake inajulikana. Mwaka 1856 Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, alijaza hewa mbalimbali katika mitungi ya kioo, akaiweka juani, akaona kwamba ule wenye hewa ya ukaa ulipata joto kuliko mingine na ukachelewa kupoa. Tangu mwaka 1958 hewa hiyo imekuwa ikipimwa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Wakati huo, katika kila chembe milioni moja za hewa, 315 hivi zilikuwa za hewa ya ukaa. Leo ni zaidi ya 420. Kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa 280 hivi.

Mtu anaweza kuuliza, na ni swali zuri: tunajuaje kwamba nyongeza hiyo imetokana na makaa, mafuta na gesi? Kaboni iliyolala chini ya ardhi mamilioni ya miaka imeshapoteza ile alama hafifu ya mionzi ambayo viumbe hai wote wanayo. Wanasayansi wanapoipima hewa ya leo wanakuta alama hiyo imepunguzwa na kaboni kongwe isiyo nayo, iliyofukuliwa na kuchomwa. Na anayesema ni jua limezidi ukali, ajibiwe kwa upole: jua lingekuwa ndiyo sababu, tabaka za juu za angahewa zingepata joto pamoja na za chini. Vipimo vinaonyesha za chini zinapata joto huku za juu zikipoa. Ndiyo maana jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2021, bila kubakiza shaka, kwamba shughuli za binadamu zimeipasha dunia joto.

Wapo pia wanaosema sababu ni kukata miti. Hao wameshika sehemu ya ukweli. Msitu ukikatwa au kuchomwa hutoa kaboni, na matope ya mikoko huhifadhi nyingi sana. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, kwa hiyo anayeilinda analinda mazalia ya samaki, analinda ufuo, na anafanya kazi ambayo dunia nzima inanufaika nayo. Hata hivyo sehemu kubwa ya mzigo hutoka kwenye kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na si haki kumtwika mkata boriti lawama ya mitambo ya nchi tajiri.

Haki hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye swali la pili. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayozalishwa duniani kutokana na nishati na viwanda. Kijana wa Lamu aliyetaka kiwanda kijengwe alikuwa na hoja: Ulaya ilijitajirisha kwa makaa ya mawe, mbona sisi tukatazwe, na ajira tutapata wapi? Namheshimu kijana huyo. Nchi tajiri zinadaiwa, na tusiache kuzidai. Lakini deni lao haliyafanyi makaa kuwa nafuu kwetu. Makaa ya Kwasasi yangeanza kwa kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Mkataba ulikuwa wa kulipia uwezo wa mtambo hata siku ambazo umeme wake hauhitajiki, na malipo ya namna hiyo huishia kwenye bili ya mama anayenunua tokeni ya shilingi mia. Wakati huohuo Kenya inachota mvuke wa ardhini Olkaria tangu mwaka 1981, mvuke usiokoma wakati wa ukame wala upepo unapotulia, na takriban sehemu tisa kwa kumi za umeme wake tayari zinatoka kwenye jotoardhi, maji, upepo na jua. Kwa maoni yangu, kuwapinga wale waliotaka kutufunga na makaa kulikuwa ni kulinda mfuko wetu sawasawa na hewa yetu.

Sasa niseme jambo ambalo sisi tunaopenda nishati safi hatulisemi vya kutosha. Usafi wa moshi hauleti usafi wa utaratibu. Karibu na Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, imesimama mitambo ya upepo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ni kazi kubwa na naifurahia. Lakini mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha sheria, jamii zinazochunga mifugo hapo zikiwa hazikushirikishwa inavyotakiwa. Kinangop, kaunti ya Nyandarua, mradi mwingine wa upepo uliachwa mwaka 2016 baada ya wakulima kuupinga vikali. Upepo uliokuwepo jana bado unavuma, na umeme haukupatikana. Aliyedhani kuwauliza wakulima mapema ni kupoteza muda alipoteza muda zaidi.

Nayo Uyombo haiwezi kujibiwa kwa hoja za Lamu. Kinu cha nyuklia hakitoi hewa ya ukaa kinapozalisha umeme, kwa hiyo anayeingia mkutanoni akipiga kelele za moshi atanyamazishwa mara moja, na kwa haki. Maswali ya pale ni taka zitahifadhiwa wapi na kwa miaka mingapi, maji ya moto yatamwagwa wapi na samaki watafanyaje, gharama ni ya nani mradi ukichelewa, na wenye mashamba watalipwa nini. Anayejua chanzo cha joto la dunia hujua lipi la kuuliza na lipi la kuacha. Aliyekariri kaulimbiu hubaki nayo hiyohiyo popote aendapo.

Basi naomba haya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatupa haki ya mazingira safi katika ibara ya 42, na haki ya kupata taarifa katika ibara ya 35. Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa nini basi ripoti ya mradi utakaobadilisha maisha ya mvuvi iletwe kwa Kiingereza, yenye mamia ya kurasa, ya kusomewa ofisini? Tudai muhtasari wa Kiswahili, uliochapishwa, unaosomeka shuleni, msikitini, kanisani na kwenye vikundi vya wavuvi. Tudai upatikane kabla ya mkutano, na tusikubali orodha ya waliosaini kupokea soda na nauli ihesabiwe kuwa orodha ya waliokubali mradi. Walimu na wanafunzi wa vyuo, mna kazi kubwa hapa: ketini na jirani zenu, someni jedwali moja baada ya jingine, waelezeni. Mkikuta hoja ya upande msioupenda ina nguvu, isemeni wazi. Watu watawaamini zaidi.

Na wanaoandaa mikutano, msiite watu saa ambazo wavuvi wako baharini na akina mama wako sokoni. Akina mama ndio wanaovuta moshi wa kuni na mkaa jikoni kila siku, wavuvi ndio wa kwanza kujua samaki wamepungua, na mara nyingi wote ndio wa mwisho kupewa kipaza sauti. Wapeni kwanza.

Muda wa kutoa maoni juu ya mradi wowote una mwisho wake kisheria. Tangazo likitoka gazetini, lipigeni picha, litumeni kwenye kundi la mtaa, kisha andikeni maoni yenu kwa NEMA na kwa mwakilishi wenu wa wadi, mkitaja majina yenu na kijiji chenu, na mbaki na nakala.