Umeme kwenye uti wa mgongo, na wazee wetu wa migodi

Huko Ufaransa kuna baba mmoja, Marc, aliyeishi na ugonjwa wa Parkinson karibu miaka 30. Miguu ilikuwa inaganda, anaanguka mara 5 au 6 kwa siku. Mwezi wa Novemba 2023, Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch wa Lausanne, Uswisi, walitangaza kwamba walimwekea nyaya ndogo juu ya uti wa mgongo, kiunoni, pale panapoongoza miguu. Vipimo anavyovaa miguuni vinafuata hatua zake, na umeme unasukuma kila mguu kwa wakati wake. Sasa anatembea karibu kilometa 6.

Tumefurahi. Lakini huyo ni mtu mmoja, na ugonjwa wenyewe haukupona. Hapa Buluo mtu asiuze shamba kwa kutafuta waya hiyo.

Kwetu shida inaanza mapema zaidi. Muzee anatetemeka mkono mmoja, anavuta miguu, uso unakuwa mgumu, na familia inasema: bulozi. Makuta yote yanaishia kwa wafumu. Hata kule Tanzania, katika wilaya ya Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakapata wagonjwa 33. Wengi hawakuwa wameambiwa kamwe jina la ugonjwa wao. Na dawa yake, levodopa, iko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wa migodi. Vumbi ya manganezi inaharibu ubongo kwa namna inayofanana na Parkinson. Munganga Couper aliliandika tangu 1837, kwa wafanyakazi waliosaga manganezi kule Scotland. Mgonjwa anaweza kutembea kwa ncha za vidole kama jogoo, na akirudi nyuma anaanguka. Levodopa haimsaidii sana. Kumtoa kwenye vumbi mapema njo muhimu. Kisenge, katika Lualaba, walichimba manganezi miaka mingi, na moshi wa kusude chuma nao unayo.

Kwa hiyo mukimpeleka baba hospitali, musiseme tu "anatetemeka". Museme alifanya kazi gani, wapi, miaka mingapi. Mubebe na vidonge vyote anavyokunywa, maana dawa fulani za kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, na zingine za wagonjwa wa akili, zinaleta mtetemeko huohuo, na huo mara nyingi unaisha munganga akizibadilisha.