Msomi na Sinia

"Nimeuza ng'ombe nikusomeshe, halafu ukabebe sahani?" Mwanafunzi wa chuo akiyasikia maneno haya kwa mzazi wake, anajua mjadala umekwisha. Yanasemwa Kondoa, Manyoni na Mpwapwa. Yanasemwa pia kwa simu, kutoka mikoa ya mbali, kwa kijana aliyeko Chuo Kikuu cha Dodoma ambaye barua yake ya mafunzo kwa vitendo imemwangukia kwenye hoteli ya Area D au Kisasa. Wenzake wamepata wizarani, Mtumba. Yeye kapata mapokezini, na wanampa pole kama mtu aliyefiwa.

Hata baadhi ya wahadhiri wanaamini hivyo, ingawa wao hulisema jambo hili kwa lugha ya kistaarabu. Fildi ya hotelini, wanasema, ni ya watoto wa vyuo vya kati. Mwenye kusomea uhasibu, utawala, masoko au rasilimaliwatu akipelekwa huko anapoteza wiki zake nane. Mimi napinga. Katika Dodoma ya leo, mwanafunzi wa fani hizo anayekwenda hotelini ana nafasi kubwa ya kujifunza kazi kuliko mwenzake anayekwenda ofisini, ilimradi chuo na hoteli vitimize wajibu wao. Sharti hilo ni zito na nitalirudia, maana wapinzani wangu wana hoja moja nzuri na inakaa hapo.

Kwanza tuiangalie hiyo ofisi inayotamaniwa. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na uamuzi ukakaa zaidi ya miaka 40 mpaka Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba sasa Serikali inahama kweli. Waziri Mkuu Majaliwa alihamia Septemba mwaka huohuo, Rais mwenyewe Oktoba 2019. Wizara zilipofika zilikuta mji tayari una vyuo: Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Chuo cha Mipango, Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo, Chuo Kikuu cha St. John's, na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilichoanzishwa 2007 kwenye vilima vya Chimwaga. Kwa hiyo kila mwaka, ifikapo Julai, maelfu ya wanafunzi wenye bahasha za kaki wanagombea madawati machache ya maofisa walewale.

Anayefanikiwa kupata dawati hukutana na ukweli ambao haukuandikwa kwenye barua. Majalada ya Serikali yana siri, na mwanafunzi wa wiki nane hawezi kukabidhiwa. Mifumo ya malipo na ya ununuzi inafunguliwa kwa nywila ya mtumishi, naye si mtumishi. Ofisa mwenye roho nzuri atamwelekeza kwa mdomo, lakini hawezi kumpa kazi ambayo ikiharibika itamletea yeye hoja ya ukaguzi. Hivyo kijana anakaa masijala, anatoa nakala, anapeleka barua ghorofa ya pili, anasoma gazeti la jana. Jioni anaandika kwenye logbuku: "Nimejifunza mtiririko wa mawasiliano ya ofisi." Wapo maofisa wanaofundisha kwa moyo, na walioangukia kwao wana bahati yao. Ila wengi wanaorudi kutoka huko wanaweza kukueleza jengo lilivyo zuri kuliko wanavyoweza kukueleza walichofanya ndani yake.

Sasa twende hotelini, na tusiende siku ya kawaida. Twende wiki ambayo taasisi fulani ya Serikali ina kikao kazi cha siku tano. Barua imeingia: ukumbi, vyumba, chai ya saa nne, chakula cha mchana, maji. Mtu anakaa kukokotoa bei kwa kila mtu, anaandaa profoma, anabishaniwa, anapunguza. Tangu 2023 ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa NeST, kwa hiyo hoteli inayotaka kuiuzia Serikali huduma sharti iujue. Kikao kikiisha ndipo inaanza shughuli ya pili: ankara, risiti ya EFD, VAT, na simu za kila wiki kuulizia malipo yamefika wapi. Mwanafunzi wa uhasibu aliyeshikishwa mzunguko huo mzima, kuanzia barua ya maombi hadi fedha kuingia benki, ameona biashara inavyopumua. Ameona kwamba hoteli inaweza kujaa mwezi mzima na bado ikakosa fedha za mishahara kwa sababu wadaiwa hawajalipa. Darasani somo hilo linaitwa mtaji wa uendeshaji na lina kanuni yake ubaoni. Mapokezini lina sura ya mpishi anayeuliza kama leo kuna hela ya sokoni.

Wa rasilimaliwatu atajifunza kupanga zamu za watu ambao mmoja ana mtoto mgonjwa na mwingine amegoma kufanya kazi usiku. Wa masoko atasikia kwa masikio yake sababu ya mgeni kutorudi. Na wote watajifunza jambo ambalo ofisi nyingi hazilifundishi, nalo ni kwamba kosa lina mwenyewe. Ukimpa mgeni chumba chenye mtu ndani, hakuna jalada la kulizungusha kosa hilo kutoka meza hadi meza. Mgeni amesimama mbele yako na begi lake, saa nne usiku, na anataka jibu lako wewe. Maji yakikatika, atataka kujua yatarudi lini. Hata gesti ndogo, yenye lile daftari la jina, kabila, atokako na aendako, inamfundisha kijana kutunza kumbukumbu ambayo polisi anaweza kuja kuikagua wakati wowote.

Kuna watakaosema: sawa, lakini bado ni kazi ya utumishi, kazi ya walioshindwa shule. Hapa sina subira. Kule Uswisi, shule ya hoteli ya Lausanne iliyoanzishwa 1893 huwaanzisha wanafunzi wake jikoni na kwenye meza za wageni kabla hawajagusa somo la fedha, na wazazi matajiri wa dunia hulipa ada kubwa watoto wao wakamenye viazi. César Ritz, ambaye jina lake lilikuja kuandikwa juu ya hoteli ya Paris mwaka 1898, alianza kama mwanagenzi wa kuhudumia mvinyo kwenye hoteli ya mji mdogo wa Brig, akafukuzwa na kuambiwa hana kipaji cha kazi hiyo. Karibu zaidi na kwetu, Kenya ilifungua Chuo cha Utalii mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, na ikakigharimia kwa tozo la asilimia 2 kutoka kwenye hoteli na migahawa. Wenzetu hawakusubiri vijana wao wazaliwe na tabasamu. Walilipia wafundishwe. Leo tukikuta meneja Mkenya kwenye hoteli ya Arusha au Zanzibar tunalalamika, na yuleyule anayelalamika ndiye aliyemkataza bintiye kwenda fildi ya mapokezi.

Hilo linanipeleka kwenye dai jingine, kwamba sisi watu wa Kanda ya Kati kwa asili hatuna huduma kwa wateja: tunajibu kwa mkato, tunamwacha mteja amesimama, chakula kinachelewa. Uchelewaji upo, siupingi. Asili ndiyo ninayoipinga. Karne ya 19 misafara mingi ya pwani ilifika Tabora na Ujiji kwa kupita Ugogo, yaani huku kwetu, ambako watu waliiuzia nafaka, waliitoza hongo, na waliisimamia kwenye visima vyao kwa masharti yao. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways za kwenda Cape Town zilitua hapa. Kupokea msafiri ni biashara ya zamani kwenye uwanda huu. Tulichokosa ni mafunzo yenye mwalimu. Mhudumu anayekuletea soda ya moto bila kuuliza hajarithi chochote kwa mababu. Aliajiriwa Jumatatu, na Jumanne akapewa meza kumi.

Kibiashara, muda wa kuvumilia huduma hiyo umekwisha. Zamani mgeni wa Dodoma alikuwa mateka: amefika kwa basi jioni, amechoka, atalala palipo na chumba. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inamfikisha kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa nne. Ofisa anaweza kuja asubuhi, akamaliza kikao na akala chakula cha usiku nyumbani kwake Tabata. Hoteli ya Dodoma sasa inashindana na kitanda cha mgeni mwenyewe, na haiwezi kushinda ushindani huo kwa kujenga ghorofa jingine.

Nimesema wapinzani wana hoja moja nzuri. Hii hapa: hoteli nyingi haziwachukui wanafunzi ili ziwafundishe, zinawachukua ili zisiajiri. Kijana anafika, anapewa sare, anawekwa kwenye vyombo siku ya kwanza, na siku ya mwisho yuko palepale. Hakuna aliyemweleza kitu. Anaingia asubuhi, anatoka usiku, nauli yake, chakula chake. Anayeiita hiyo "uzoefu" anamdanganya. Kwangu kipimo ni chepesi: mwanafunzi asipotokea kazini, je, kazi ya siku hiyo itakwama? Kama itakwama, huyo ni mfanyakazi na anastahili mshahara, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inajua namna ya kumhesabia saa zake. Kama haitakwama, huyo ni mwanafunzi, na anastahili mtu wa kumfundisha. Mmiliki asiyetaka kutoa mshahara wala mwalimu hastahili kupelekewa kijana wa mtu.

Hata hivyo dosari hiyo si ya hoteli peke yake. Chuo kinachompeleka mwanafunzi na barua ya mstari mmoja, "apewe ushirikiano", kimeomba kibarua na kimepata kibarua. Barua iseme: wiki mbili mapokezi, wiki mbili stoo na manunuzi, wiki mbili hesabu, nyingine ukumbini na vyumbani, na itaje msimamizi. Njia hii imeshajaribiwa nchini. Katika muongo wa 2010 Chuo cha Taifa cha Utalii, pamoja na Shirika la Kazi Duniani na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi, kiliendesha uanagenzi wa hoteli ambao mwanafunzi aligawa muda wake kati ya darasa na hoteli kwa mpango ulioandikwa. Muundo upo. Vyuo vikuu vya Dodoma havihitaji kubuni chochote.

Na mabinti? Mzazi anaposita kwa ajili ya binti yake, tusimcheke. Hotelini kuna zamu za usiku, kuna walevi, kuna mgeni mwenye cheo anayedhani mhudumu ni sehemu ya huduma ya chumba. Unyanyasaji wa kingono ni kosa la jinai nchini tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, lakini sheria iko mbali saa sita usiku. Hata hivyo kumfungia binti nje ya sekta hakumwadhibu mkosaji hata kidogo, na wala ofisi hazina kinga ya tabia hizo. Afadhali chuo kikatae kupeleka wanafunzi zamu ya usiku pasipo usafiri wa kuwarudisha, kiwape namba ya simu ya mtu atakayepokea, na hoteli iliyowahi kulalamikiwa ifutwe kwenye orodha. Hoteli inaogopa jina baya kuliko inavyoogopa mahakama.

Limebaki jambo ambalo sijalisikia likijadiliwa, nalo ni kalenda. Bunge la Bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Hiyo ndiyo miezi ambayo vyumba vinajaa, wizara zinamiminika na kumbi hazitoshi. Wanafunzi wetu tunawatoa Julai, wabunge wakiwa wameshafunga mizigo. Tunawapeleka kujifunza wakati kazi imepungua, isipokuwa zile siku chache za Nanenane pale Nzuguni, kisha tunashangaa mwanafunzi akiandika kwamba alikuwa anafuta meza zisizokaliwa. Na mwezi Mei hoteli zinaokota watu wa kusaidia popote wanapopatikana, ilhali kule Chimwaga kuna vijana ambao wangeweza kushuka kwa daladala siku mbili kwa wiki wakalipwa na kujifunza kwa pamoja.

Mzazi anayehofia sahani anataka mwanawe apate ajira, na katika hilo tunakubaliana. Lakini akumbuke Juni 2014, zaidi ya vijana 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Karibu wote walikuwa na vyeti. Foleni ya ofisini imekuwa ndefu hivyo kwa muda mrefu. Upande wa pili, watalii wa kimataifa walioingia nchini mwaka 2024 walizidi milioni 2, achilia mbali wageni wa ndani ambao ndio riziki ya Dodoma.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa waratibu wa mafunzo kwa vitendo wa vyuo vya Dodoma. Msingoje Julai. Januari kaeni na wamiliki wa hoteli, mkubaliane nani atafundisha nini, zamu zipi ni marufuku, na siku zipi za muhula wa pili zinaweza kuachwa wazi kwa wanafunzi wa biashara na utawala. Aprili wabunge wakiingia, wawakute vijana wenu kazini, na msimamizi wao awe anajulikana kwa jina.