Bando la Mwananchi na Picha za Waheshimiwa

Ipo tozo ambayo haikupitishwa na Bunge lolote na wala haina risiti. Hulipwa na mwanafunzi anayefungua tovuti ya taasisi ya umma akitafuta fomu ya kurasa mbili, na kabla hajaiona fomu hiyo, simu yake imekwisha kupakua picha kumi za waheshimiwa wakikata utepe. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya pikseli milioni 24 yaweza kufikia megabaiti 8. Kumi ni megabaiti 80. Fomu yenyewe ingetosha kwenye kilobaiti 200.

Kila ninapolisema hili hujibiwa kwa upole: "Hayo ni mambo ya kitaalamu, Daktari, waachie watu wa TEHAMA." Sikubali. Swali la nani abebe gharama ya uzembe ni swali la siasa, hata kama uzembe wenyewe umefanyika ndani ya kompyuta.

Tuhesabu pamoja. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa pikseli 1,080 hivi, pengine pungufu. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ikifika hapo husinyazwa hadi 1,080 kwa 720. Kinachoonekana ni kama asilimia 3 ya pikseli zilizosafiri. Zilizobaki zimelipiwa na kutupwa. Tena simu ikiifungua picha hiyo nzima, kwa baiti nne kila pikseli, huhitaji megabaiti 96 za kumbukumbu kwa picha moja tu. Simu ya bei nafuu inakwama, na mwenyewe anaambiwa akanunue nyingine.

Siku hizi kuna mtindo, nami nauunga mkono, wa kujenga tovuti tuli: kurasa zote huandaliwa mara moja, zikahifadhiwa kama mafaili ya kawaida, na seva haina kazi ila kuyakabidhi kwa anayeyaomba. Ni nafuu, haina hifadhidata ya kuvamiwa, na haielemewi kirahisi siku ya matokeo ya mitihani. Lakini seva isiyofikiri haiwezi kukupunguzia picha. Programu ya Next.js, kwa mfano, ikiendeshwa na seva yake hupunguza picha zinapoombwa. Ukiiagiza ikutolee mafaili matupu, huduma hiyo haipo tena, na ujenzi hugoma mpaka uamue picha zishughulikiwe vipi. Hapo ndipo mkandarasi mwenye haraka huandika mstari mmoja, unoptimized: true, yaani picha ziende kama zilivyo. Ujenzi unakamilika, ankara inatumwa, na deni linahamia kwenye bando la mwananchi.

Kazi aliyoikwepa si kubwa. Kabla ya kujenga tovuti, programu huria kama Sharp au ImageMagick hutoa nakala za kila picha kwa upana wa pikseli 480, 960 na 1,600, katika muundo wa WebP, ambao Google waliutoa mwaka 2010 na ambao kwa kawaida ni mwepesi kuliko JPEG yenye ubora unaolingana nao. Sifa ya srcset hukiachia kivinjari kichague nakala inayokifaa kioo. Picha za chini ya ukurasa husubiri hadi msomaji azifikie. Picha asili hubaki kwenye kumbukumbu za ofisi, kwa hiyo hoja ya "ubora utapotea" haina mashiko.

Nasikia pia kwamba mtandao unaimarika, tungojee 5G. Kasi si bei! Mtandao wa kasi humaliza bando lile lile kwa dakika chache zaidi.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inazungumzia haki ya kupewa taarifa, Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inazungumzia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na nchi zote mbili zilitunga sheria za upatikanaji wa habari mwaka 2016. Sijui tuiiteje haki inayoanza kwa megabaiti 80 za mtu aliyeshika mkasi.

Kwa ninyi watumishi mnaoandika zabuni: wekeni kwenye hadidu za rejea kwamba ukurasa wa mwanzo, pamoja na picha zake, usizidi megabaiti 1, na upimwe kwa simu ya bei nafuu yenye bando la kununua, si kwa Wi-Fi ya ofisi, kabla ya malipo ya mwisho kutolewa. Kwa ninyi wanafunzi: kivinjari cha kompyuta kinaonyesha uzito wa kila faili linalopakuliwa. Pimeni tovuti za taasisi zinazowahudumia, andikeni takwimu, zipelekeni kwa wakuu wake kwa barua rasmi. Picha msiambatanishe.